Kipimo cha Pazia ni Amana



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kupima dirisha kwa ajili ya pazia la marinda. Pengine msomaji atauliza: Pazia na dini, wapi na wapi? Nami namjibu ya kuwa kwa sababu ya jambo hilo hilo, hapa kwetu Igoma, majirani wawili Waislamu, ambao watoto wao husoma katika chuo kimoja, walikaa muda mrefu pasipo kutoleana salamu. Na ugomvi wao haukutoka katika wizi wala matusi. Ulitoka katika namba moja tu, 120.

Kwanza tukumbuke pazia ni la nini. Katika Sura ya Nuru, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupige hodi na tuwasalimu wenyewe. Na katika Hadithi aliyoipokea Sahl bin Saad (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia katika tundu ya nyumba ya Mtume (s.a.w.), na Mtume akamkemea sana, akabainisha ya kuwa hodi yenyewe imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi ikiwa jicho la mpita njia laingia ndani kila saa, hodi ya mlangoni imebakiwa na faida gani? Nyumba zetu za Igoma zimesogeleana, na madirisha mengi yatazama kichochoro au barabara. Pazia ndilo hodi ya dirisha.

Na pazia lilikuwamo katika nyumba ya Mtume mwenyewe. Anas bin Malik (r.a.) ameeleza kuwa Jumatatu ile aliyofariki, mwaka wa 11 wa Hijra, Mtume aliinua pazia la chumba cha Bibi Aisha (r.a.), akawatazama watu wakiswali nyuma ya Abu Bakar, akatabasamu. Walakini tusisahau ya kuwa pazia la Bibi Aisha lililokuwa na picha za viumbe Mtume hakuliridhia, likakatwa likafanywa mito. Kwa hiyo pazia ni stara, si fahari.

Sasa niwaeleze kisa cha majirani zetu. Mama mmoja alijenga nyumba yake kwa taabu ya miaka mingi, na dirisha la sebule likaelekea njia wapitayo watu. Akamwendea fundi cherehani, akamwambia: "Fundi, dirisha langu ni sentimita 120." Fundi akapiga hesabu, akamtuma kununua kitambaa mita 4 na sentimita 70, akakata, akashona marinda mazuri ajabu. Mama alipoyatundika nyumbani, pakawa na msiba. Bomba la pazia lilikuwa refu kuliko dirisha, sentimita 160. Akiyavuta mapazia mawili yakutane katikati, pembeni pawazi. Akiyavuta pembeni, katikati pana mwanya wa sentimita 40. Mama alisema 120 akimaanisha dirisha, na fundi alisikia 120 akadhani ni bomba. Wote wawili walisema kweli, na pazia likaharibika.

Wakaja kwangu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa watoto wao. Mama akasema: "Maalimu, nilimwambia, kama kitambaa kitatosha, kata." Fundi akasema: "Hapana, Maalimu. Aliniuliza, kitatosha? Nikamjibu, kitatosha. Akasema, haya, kata." Mimi elimu yangu ni ya chuoni na shule ya msingi, sikuthubutu kuhukumu. Nikawachukua kwa shehe wetu.

Shehe akatabasamu, akatueleza ya kuwa wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi walikwisha kuizungumza mas-ala hii karne nyingi zilizopita. Mwenye kitambaa akisema, "Kama kitanitosha, kata," kisha kisitoshe, fundi atalipa, kwa sababu ruhusa yake ilifungwa na sharti, na sharti halikupatikana. Lakini akiuliza, "Je, kitanitosha?" akajibiwa ndiyo, kisha akasema, "Kata," basi fundi halipi, kwa kuwa ruhusa ilitolewa bila ya sharti. Tazameni, ndugu zangu! Neno moja, "kama," ndilo linalohamisha hasara kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Kisha shehe akatutajia mas-ala nyingine inayofanana nayo, iliyomo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277). Fundi na mwenye nguo wakihitilafiana juu ya namna ya kukata iliyoamriwa, kauli yenye nguvu ni kuwa mwenye nguo asadikiwe kwa kiapo. Fundi hana ujira, naye alipe upungufu wa nguo. Mama aliposikia habari ya kiapo akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Shehe, neno lile sina yakini nalo. Siwezi kulitaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo nisilo na yakini nalo, kwa ajili ya kitambaa."

Wallahi, maneno yale yalitutoa machozi. Na fundi naye akainama akasema: "Na mimi nina kosa. Sikumwuliza hiyo 120 yaanzia wapi na kuishia wapi." Wakasuluhishana hapo hapo. Mama akanunua kitambaa kingine, fundi akashona bila ya ujira, na mapazia yale ya kwanza yakatiwa katika madirisha membamba ya vyumba vya watoto. Hakikutupwa hata kipande kimoja.

Basi funzo letu ni hili: namba peke yake si kipimo. Kipimo ni namba pamoja na mahali ilipoanzia na mahali ilipoishia. Wazee wetu walipima kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa pima, na walijua ya kuwa shibiri ya mtu mrefu si shibiri ya mtoto. Sisi tuna futi kamba, na bado twagombana, maana upande mmoja una inchi na upande wa pili una sentimita, na sentimita 120 ni kama inchi 47 na robo tu. Kwa hiyo shikeni utaratibu huu.

Kwanza, bomba litiwe ukutani kabla ya kupima. Lipite fremu ya dirisha kiasi cha sentimita 20 kila upande, ili pazia likivutwa mchana lisizibe mwanga na hewa, na liwe juu ya fremu kiasi cha sentimita 15. Ikiwa dirisha ni la mbao nalo hufunguka kwa ndani, hakikisheni mbao hazitaligonga bomba.

Pili, pimeni upana wa dirisha mahali patatu: juu, katikati na chini, kwa sababu kuta zetu hupigwa lipu kwa mkono na fremu nyingi hazikunyooka. Chukueni kilicho kikubwa. Ikiwa ni 120, ongezeni 20 na 20, bomba litakuwa 160. Hiyo 160 ndiyo apewayo fundi.

Tatu, pimeni urefu mahali patatu pia, kutoka chini ya pete za bomba mpaka sakafuni. Hapa chukueni kilicho kidogo, kisha punguzeni sentimita 2, pazia lisifagie sakafu wala kunywa maji ya kudekia. Tuseme imebaki 210.

Nne ni hesabu ya marinda. Rinda hula kitambaa. Pazia la marinda mazuri lataka mara mbili na nusu ya urefu wa bomba; basi 160 mara mbili na nusu ni 400. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kitahitaji mapana matatu. Kila pana litakatwa 210, na 10 za kukunja juu, na 15 za pindo la chini, jumla 235. Mara tatu ni sentimita 705, yaani mita 7 na sentimita 5. Mama yetu alinunua mita 4 na sentimita 70, kwa kuwa fundi alihesabu mapana mawili kwa ile 120. Pana zima lilipungua.

Tano, fundi ayagawe marinda kwa hesabu, si kwa macho. Mapana matatu ni 450, kila pazia litapata 225. Mishono na pindo za pembeni zikila 15, zimebaki 210. Pazia likimalizika liwe 85, yaani nusu ya bomba na 5 za kupandana katikati. Basi 125 zitaliwa na marinda, na yakiwa marinda 10, kila moja litakula sentimita 12 na nusu.

Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, maana hurudi. Na chenye maua makubwa au mistari ya kukata upana kinunuliwe zaidi, ili maua yakutane mahali pa mshono.

Baada ya hapo, andikeni. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara, aya ya 282, ametuamrisha kuandika deni la muda, na sisi twaichukua adabu hiyo katika kazi zetu. Karatasi moja yatosha: urefu wa bomba, urefu wa pazia, idadi ya marinda, ujira, na siku ya kumaliza. Kila mmoja awe na nakala yake, isomwe kwa sauti kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Mkasi ukishapita hauna toba.

Nawausia mafundi wetu: vipande vinavyobaki ni mali ya mwenye kitambaa, vidogo kwa vikubwa. Virudisheni, au muombe mpewe. Na wauzaji wa vitambaa nawakumbusha Sura ya Mutaffifin, ambayo watoto wetu huihifadhi wakiwa wadogo: ole ni ya wapunjao vipimo. Anayevuta kitambaa juu ya meza ili mita itimie, amejipunja mwenyewe. Na wenye nyumba nao wasimbadilishie fundi maneno baada ya kazi.

Enyi vijana, jifunzeni kushika futi kamba na kutaja mwanzo na mwisho wa kila kipimo. Pazia lililopimwa kwa haki litawasitiri wazazi wenu na dada zenu na macho ya njiani, na maneno yaliyopimwa kwa haki yatawasitiri na ugomvi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, na atujaalie kuwa katika wenye kutimiza vipimo na amana. Amin.

Wabillahi t-tawfiq.