Sekirite Inaanza kwenye Chungu



Kila mara hapa tunasoma juu ya kasko, bote, miwani na vumbi. Ni vizuri. Lakini mtu anayeingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na chai tupu tumboni, shefu wake anaweza kumvalisha kila kitu cha sekirite, na bado kufika saa tano mikono inamtetemeka na macho hayasomi tena vizuri namba za mashini. Mtu wa namna hiyo anajiumiza, ao anamwumiza mwenzake wa ekipe. Kwa sababu hiyo mimi nasema kwamba mambo ya chakula cha nyumbani ni mambo ya sekirite, na yanapaswa kusemwa hapa waziwazi, hata kama wengine watanung'unika kwamba monganga na wenzake wanataka sasa kuingia hata jikoni mwao.

Wazee wetu hawakuwa na shida ya kufanya hesabu hii. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, na posho ilitolewa: unga, nyama ao samaki, maharagi, karanga, mafuta ya mawese, chumvi. Haikuwa kwa upendo tu. Mabwana wale walijua kwamba mwenye njaa hatoi shaba. Gécamines nayo, iliyochukua kazi mwaka 1967, iliendelea miaka mingi kutoa unga. Wazee walilalamika sana juu ya posho, na walikuwa na haki, maana si heshima mtu mzima kupimiwa chakula na mwingine kama mtoto. Lakini mizani ilikuwapo. Pembeni ya unga kulikuwa na maharagi. Leo mfanyakazi, zaidi yule wa kampani ndogo zinazofanya kazi chini ya kampani kubwa, anapokea feza mkononi, na mizani imehamia nyumbani. Nani anaishika?

Katika nyumba nyingi hakuna anayeishika. Mshahara ukitoka, juma la kwanza ni nyama, kuku wa barafu na bia. Juma la pili ni samaki. Juma la tatu ni bukari na sombe bila mafuta. Juma la nne ni deni dukani, na unga unanunuliwa kwa meka moja moja, ambayo ndiyo namna ya kununua inayokula feza zaidi. Mwenye feza kidogo analipa bei kubwa: kikopo cha mafuta, kimfuko cha chumvi, fungu la makala. Hesabia vifungu vyote vya mwezi mzima, utaona kwamba ungeweza kununua gunia na kubakiza kitu.

Nasikia mtu anajibu: mshahara ni mdogo. Ni kweli, na mimi sitaki kuifunika kweli hiyo. Mama hawezi kupika kisichokuwapo. Unga wetu mwingi unatoka Zambia, na kila mara mpaka ukifungwa ao mvua ikikosekana kule, sisi huku tunalia. Mwaka 2024 ukame mkali uliharibu mahindi ya Zambia, na kila nyumba ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ilijua habari hiyo bila kusoma gazeti. Wajumbe wa wafanyakazi waendelee kusema juu ya mshahara, tena kwa nguvu. Lakini mazungumzo yao yatachukua miezi, na mtoto anakula leo.

Basi tuseme juu ya nyama. Kwetu mtu akikosa nyama anasema hakula. Hiyo ni kiburi, na kiburi hiki kina bei. Gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya gramu 20 za proteini, yaani kile kinachojenga mwili na damu. Nyama mbichi ya ng'ombe ina karibu sawa na hiyo. Kapenta iliyokaushwa vizuri, ao vile visamaki vidogo vinavyotoka Moero, inafika karibu gramu 60. Unga wa mahindi una 8 hivi, na unga wa muhogo hata 2 ni shida kufika. Kweli, haragi likipikwa linakunywa maji, na sahani moja ya maharagi haina nguvu yote ya sahani ya nyama. Lakini kwa bei ya kilo moja ya nyama unaweza kujaza chungu siku kadhaa. Mama atasema: maharagi yanamaliza makala. Ayaloweke usiku kucha, amwage maji yale, kisha apike na maji mapya. Yataiva upesi zaidi. Na yanapoliwa pamoja na bukari, mahindi na haragi vinasaidiana: kile kinachokosekana kwa moja kinapatikana kwa lingine. Mtu akitaka nyama, atie kipande kidogo ndani ya maharagi. Chai aiache mbali na chakula, maana inazuia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya maharagi na mboga. Chungwa ao limau lafanya kinyume, linasaidia.

Sombe, lengalenga na matembele tunavidharau kwa sababu havina bei. Vidharauliwe na wengine, sisi tuvile. Ila sombe itwangwe vizuri na ichemshwe sana, maana mbichi ina sumu. Mafuta ya mawese ni mekundu kwa sababu yana kile kinacholinda macho ya watoto. Wengi wanayachoma mpaka yanakuwa meupe, wakifikiri ni usafi. Wanachoma dawa waliyokwisha kuilipia.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni sahani ya mtoto. Baba anakula samaki mzima, wageni wake wanakula kinachobaki, mtoto wa miaka miwili anachovya bukari ndani ya mchuzi. Kisha siku moja miguu ya mtoto inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, hachezi tena, na baba anawaambia jirani kwamba mtoto amenenepa. Hajanenepa. Ni kwashiorkor. Jina hilo linatoka Ghana, ambako monganga mwanamke Cicely Williams aliueleza ugonjwa huu katika miaka ya 1930; watu wa kule walilitumia kwa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Kwetu ni vilevile: anaondolewa kwenye ziwa la mama na kuwekwa mbele ya bukari tupu. Ukiona miguu imevimba, usingoje mshahara, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na mbele ya kufika pale, uji wake utiwe karanga zilizosagwa, ao kapenta iliyotwangwa mpaka ikawa unga, na kijiko cha mafuta mekundu. Karanga zenye ukungu ao zilizogeuka rangi zitupwe, hata kama roho inauma. Zina sumu inayoharibu maini, na moto wa jikoni hauiui.

Wengine watasema mila inataka baba ale kwanza. Mimi sipingi baba kula. Anabeba nyundo siku nzima. Lakini baba anayepewa nyama yote na kukosa kumega kwa ajili ya mtoto wake, mimi simwiti mwenye mila. Namwita mlafi, na wazee wa kijiji chetu wangemwita vilevile.

Juu ya muhogo nina neno moja. Unga wa mahindi ukipanda, tunauchanganya na wa muhogo, na hakuna ubaya. Ubaya ni haraka. Muhogo mchungu unataka kulowekwa siku tatu ao zaidi mpaka ulainike, kisha kukaushwa vizuri. Kule Kwango, ambako monganga Trolli aliandika juu ya konzo mwaka 1938, watu waliofupisha siku hizo, tena wakikosa maharagi na samaki, walipooza miguu kwa ghafula, na miguu ile hairudi. Muuzaji asiyeweza kukuambia muhogo wake ulikaa siku ngapi majini, mwache na gunia lake.

Na sisi watu wa migodi tuna jambo letu wenyewe ambalo mkulima wa Kasenga halijui. Mwaka 2009 wanganga walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda, wakakuta kobalti nyingi sana, hata kwa watoto. Vumbi linaanguka juu ya lengalenga ya nyuma ya nyumba. Kwa hiyo bustani iwekwe mbali na barabara ya malori na mbali na mchanga wa kiwanda, majani yaoshwe kwa maji mawili, na nguo za kazi zisitundikwe jikoni.

Baba wa nyumba, mwambie mke wako mshahara wako ni kiasi gani. Wengi wanaficha, kisha wanashangaa sufuria inakauka tarehe 20. Siku ya malipo, mbele ya kupita popote, mwende sokoni wote wawili: gunia la unga, maharagi ya mwezi, bidoni la mafuta, kapenta, karanga, chumvi yenye iodi. Vifungiwe mahali pakavu, na ufunguo ashike mama. Kile kinachobaki mfukoni baada ya hapo, ndugu, kanywe bia yako kwa amani.