Ndama Kwanza, Mwenye Ndama Baadaye

Kumchanja ndama dhidi ya ndigana kali si kazi ya kufumba na kufumbua. Ndama huangushwa, vijana wawili wakamkandamiza chini, mtaalamu akamchoma sindano ya kwanza chini ya ngozi karibu na sikio, kisha ya pili, ya antibiotiki, kwenye msuli. Mwisho anavishwa hereni ya plastiki na kuachiwa arudi kwa mama yake. Chanjo yenyewe hufika bomani ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na kilichomo ni vimelea hai vya ugonjwa wenyewe: mnyama anaambukizwa makusudi, na antibiotiki inauzuia ugonjwa usimzidi nguvu. Akivuka hapo, kinga yake ni ya muda mrefu. Wamasai, wanaouita ugonjwa huo oltikana, walianza kuichangamkia chanjo hii mwishoni mwa miaka ya 1990, wafugaji wa Ngorongoro wakiwamo. Hakuna aliyewapa bure. Walilipia kila ndama kutoka mfukoni, na minadani ndama mwenye hereni akawa anapata bei nzuri kuliko asiye nayo.

Picha hiyo inafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba wananchi wa Karatu na Ngorongoro walisitasita kuchanja dhidi ya UVIKO-19 kwa sababu ya uelewa mdogo. Katika vikao vya Tanzania, tatizo lisilo na mwenyewe huishia kwenye azimio kwamba elimu itolewe. Lakini huyu anayeambiwa haelewi chanjo ndiye yule yule aliyelipa ili ndama wake aambukizwe ugonjwa hai mbele ya macho yake. Tena mababu zake waliiona sotoka ikifyeka ng'ombe miaka ya 1890, kiasi kwamba Oscar Baumann alipofika kreta ya Ngorongoro mwaka 1892 alikuta watu waliobaki mifupa kwa njaa. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na iliyoitokomeza ni chanjo, iliyoboreshwa Muguga, Kenya. Ng'ombe walipochanjwa kuizunguka Serengeti, hata nyumbu waliongezeka, kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kwa hiyo swali la maana zaidi ni nani aliyewaletea chanjo ya korona, kwa njia gani, na baada ya kuwaambia nini.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alibainika Arusha, mkoa huo huo wenye Karatu na Ngorongoro. Takwimu zikakoma mapema Mei, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Kilichofuata kila Mtanzania anakijua: maombi ya siku tatu, nyungu, tangawizi na malimao, na vifo vya "changamoto ya upumuaji". Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alitilia shaka chanjo hadharani, na siku chache baadaye Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, akasema wizara haina mpango wa kuzipokea. Magufuli alifariki Machi 17 mwaka huo. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, na Juni akawaambia wahariri kwamba nchi ina wagonjwa zaidi ya 100, wengi wao wakihitaji oksijeni. Julai 24 zikaingia dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kupitia mpango wa COVAX, na Julai 28 Rais akachanjwa Ikulu mbele ya kamera.

Miezi sita tu, basi. Waziri aliyesema hakuna mpango wa kuzipokea sasa ndiye aliyezinadi. Yeye na wizara yake walikuwa sahihi mara ya pili, hilo halina ubishi, lakini msikilizaji wa Endulen, Ngorongoro, au Mbulumbulu, Karatu, hakupewa maelezo ya kilichobadilika kati ya Januari na Julai. Alipewa fomu ya ridhaa asaini. Pengo hilo likajazwa na wengine, akiwamo Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe wakati huo, aliyehubiri dhidi ya chanjo mpaka Bunge likamsimamisha kuhudhuria mikutano miwili. Zaidi ya mwezi baada ya uzinduzi, sehemu kubwa ya dozi zile milioni moja ilikuwa bado kwenye majokofu.

Ngorongoro ilikuwa na kumbukumbu yake pia. Julai 30, siku mbili baada ya Rais kuchanjwa, alifariki Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Miaka kumi kabla, mwaka 2011, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge wilayani humo, abiria wakienda kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Mawaziri walikwenda. Wabunge walikwenda. Wapo wagonjwa waliotoroka wodini wakaifuata, na wengine wakaacha dawa za kufubaza VVU. Ni rahisi kuichekea Samunge leo. Lakini kikombe kile kilikuwa na mambo ambayo kampeni ya 2021 ilianza bila kuwa nayo: mtoa dawa aliyejulikana kwa sura, na maelezo yaliyobaki yale yale kila siku. Dawa haikuponya. Namna ilivyotolewa ndiyo iliyowavuta watu, na watu wa afya wangeweza kuiazima bila aibu.

Karatu mjini mambo yalikuwa na sura nyingine. Ule ni mji wa hoteli, gereji za magari ya watalii na maduka yanayoishi kwa wapitao kwenda kreta. Watalii wa kimataifa walioingia nchini waliporomoka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000 mwaka 2020, na mpishi, dereva au mwongoza watalii hakuhitaji semina ili aone uhusiano kati ya cheti cha chanjo na mshahara wake. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, chini kwenye bonde la Eyasi, hakuwa na sababu ya aina hiyo. Mhadzabe jirani yake wala. Wilaya ni moja, ila ujumbe wa "chanja urudishe utalii" uliishia pale lami ilipoishia.

Kilichoiokoa kampeni kitaifa kilikuwa kubadili mwendo. Mwanzoni chanjo ilitolewa kwenye vituo vichache kwa makundi matatu: watumishi wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi sugu. Kuanzia Septemba 2021, chini ya Mpango Shirikishi na Harakishi, wahudumu walitoka wakafuata watu minadani, stendi, makanisani, misikitini na nyumba kwa nyumba. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha dozi walikuwa chini ya asilimia 10 ya walengwa. Kufikia 2023 zaidi ya nusu ya Watanzania walikuwa wamechanjwa, na Shirika la Afya Duniani likaitaja Tanzania miongoni mwa nchi zilizopiga hatua kubwa Afrika. Chanjo ya Johnson, ya dozi moja na inayokaa kwenye jokofu la kawaida, iliwafaa sana wafugaji: anayehama na mifugo huwezi kumwambia arudi baada ya siku 28.

Hapa ndipo hadithi ya Ngorongoro inapotengana na ya taifa. Mwaka ule ule wa mafanikio, 2022, tarafa ya Ngorongoro ilikuwa kwenye mvutano mkubwa wa kuhamishwa. Hoja ya serikali ina uzito wake: hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959 ikiwa na wakazi kama 8,000 wakati huo ilikuwa na wakazi zaidi ya mara kumi ya hao, na kreta haitanuki. Serikali imesema daima kwamba kuhamia Msomera, Handeni, ni hiari. Lakini tazama yaliyoambatana na uhamishaji huo. Machi 2022 halmashauri ilielekezwa kuhamishia Handeni fedha za mradi wa UVIKO-19 zilizopangwa kwa ajili ya shule za Ngorongoro. Aprili, ndege za Flying Medical Service, zilizokuwa zikipeleka kliniki na chanjo za watoto kwenye vijiji visivyo na barabara tangu miaka ya 1980, zikazuiwa kuruka. Juni, katika zoezi la kuweka vigingi vya mpaka wa hifadhi kwenye tarafa jirani ya Loliondo, askari polisi mmoja aliuawa, na wananchi waliojeruhiwa walivuka mpaka kutafuta matibabu Kenya.

Mama aliyezoea ndege ya kliniki, kisha ikaacha kuja, atampokeaje mhudumu anayekuja na kisanduku cha baridi kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu? Anaweza kuchanja, na wengi walichanja. Ila anayo haki ya kuuliza kwa nini sindano hii ina gari na ya surua ya mwanawe haina.

Kuna wanaojibu kwamba katika mlipuko hakuna muda wa kubembelezana, ilazimishwe. Kenya ilijaribu. Novemba 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba asiyechanja asingepata huduma za serikali kuanzia Desemba 21, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Tanzania ilibaki na hiari, na hapo ilichagua vizuri. Ushahidi upo masikioni mwa ng'ombe: hereni kama ile ambayo mfugaji aliilipia kwa hiari pamoja na chanjo ya ndigana, ilipokuja kama agizo la serikali la utambuzi wa mifugo mwaka 2022, tena kwa malipo, wafugaji wengi waliipinga wakiiona kama kodi.

Njia iliyojaribiwa kwingine ipo. Nchini Chad, watafiti waliofika kambi za wafugaji wanaohamahama waligundua kwamba ng'ombe walikuwa wamechanjwa kuliko watoto. Wakaunganisha safari: gari moja, daktari wa mifugo na muuguzi pamoja, majokofu yale yale. Watoto na akina mama waliokuwa hawafikiwi wakafikiwa, na gharama za usafiri zikagawanywa.

Tanzania inavyo vipande vyote vya mpango kama huo. Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la Afya Moja. Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa Bariadi, kwa ruzuku ya serikali, na timu zake zitapita kwenye maboma yale yale ya Olbalbal, Nainokanoka na Eyasi kwa miaka kadhaa. Kikwazo ni mafungu: Wizara ya Afya ina lake, Mifugo na Uvuvi ina lake, na mafuta ya gari la mmoja hayabebi mtumishi wa mwingine. Wilayani, hata hivyo, mganga mkuu na mkuu wa idara ya mifugo wote wako chini ya mkurugenzi mmoja wa halmashauri. Huyo hahitaji kusubiri Dodoma ili kumpa muuguzi mwenye chanjo ya surua na polio kiti kwenye gari linalokwenda kuchanja ndama, na kumfanya ajulikane kwa jina bomani kabla mlipuko mwingine haujaingia.