Damu Ina Wazazi Wawili

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sipingi. Lakini yako mambo ambayo mtoto huja nayo tangu tumboni, na hayo hayana ulezi wala mlezi. Mojawapo ni ugonjwa wa selimundu, ule ambao hapa mtaani tunauita sikoseli. Nimeamua kuuzungumzia, wapenzi wasomaji, kwa sababu katika ploti zetu za Kaptembwo ugonjwa huu unavunja ndoa, na anayebebeshwa lawama ni mmoja tu: mama.

Bila shaka mmewasikia. Mtoto analia mikono na miguu usiku kucha, macho yamegeuka manjano, na majirani wanaanza: "Huyo mama alitoka na hiyo kitu kwao." Shangazi naye anakuja na kuapa ati katika ukoo wao hakujawahi kuwa na ugonjwa kama huo. Wengine wanataja laana, wengine jicho baya. Mwishowe baba anapotea, mama anabaki na mtoto na bili ya hospitali. Mimi nasema hiyo ni dhuluma, tena ni hesabu mbaya.

Hesabu yenyewe ni hii. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu, hutengenezwa kwa maagizo ya jeni tunazorithi kwa baba na kwa mama. Ukirithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja na jeni nzima kwa mwingine, wewe ni mbebaji tu. Utacheza mpira, utabeba mitungi ya maji, na huenda usijue lolote maishani. Anayeugua ni yule aliyepata hitilafu kutoka pande zote mbili. Seli zake nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tena hufa mapema. Seli ya kawaida huishi kama siku 120, lakini zake huishi siku 10 hadi 20 tu.

Wazazi wawili wabebaji wakipata mtoto, nafasi ya mtoto huyo kuugua ni 1 kati ya 4. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Si kwamba akiugua wa kwanza, watatu wanaofuata wameshanusurika. Basi baba anayesema "si kwangu" ajue kuwa bila fungu lake yeye, mtoto asingeugua hivyo.

Kwani jeni hii ilitoka wapi kama si laana? Aliyetusaidia kujibu alilelewa jirani na sisi. Anthony Allison alikulia Gilgil, hapo tu ukielekea Naivasha. Mwaka wa 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Karibu na Pwani na Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo wabebaji walizidi 20 katika kila watu 100. Nyanda za juu hawakufika hata 1. Tofauti hiyo ilifuata malaria, na mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji hupata kinga dhidi ya ugonjwa huo. Naam, jeni hiyo ilikuwa ngao ya mababu zetu. Taabu ni pale ngao mbili zinapokutana ndani ya mtoto mmoja.

Na Kaptembwo ni akina nani? Wengi wetu wazazi wetu walipanda basi Busia, Siaya, Kakamega au Homa Bay, wakaja Nakuru kutafuta kazi. Huku juu malaria si nyingi kama kule, lakini damu tulikuja nayo.

Hivyo ninapendekeza mawili. Kwanza, tupimwe. Kipimo cha damu kipo, na hata mtoto mchanga anaweza kupimwa kwa tone moja la kisiginoni. Akijulikana mapema, hupewa penisilini ya kuzuia maambukizi, chanjo, kinga ya malaria, na haidroksiyurea inayopunguza maumivu. Najua wapo watakaosema kuwa kupima wachumba ni kuvunja mapenzi. Sikubaliani nao. Hakuna aliyekataza wabebaji kuoana. Lakini wanaojua watajipanga pamoja, na wasiojua watakuja kulaumiana mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Pili, tufundishwe mapema. Jenetiki tunaingojea mpaka kidato cha nne, ilhali wangapi wanaacha shule kabla ya hapo? Wengine huwa tayari wana watoto. Somo hili liletwe kwenye baraza la chifu, kanisani, msikitini na katika vyama vya akina mama. Tarehe 19 Juni ni siku ya selimundu duniani. Klabu yetu ina malenga na waigizaji hodari, kwa nini siku hiyo tusiwatoe uwanjani, wazazi wetu wasikie?

Nanyi wavulana wenzangu, sisi ndio baba wa kesho. Siku mtoto wako akilia kwa maumivu, usiulize mke wako ametoka ukoo gani. Mbebe mtoto, mwende hospitali pamoja.