Tawakali na Chandarua

Maradhi ya korona yalipoingia Tanzania, Machi 2020, makundi mawili yalishindana kwa maneno, na yote mawili yalipotoka. La kwanza lilisema dini ni kimbilio la wajinga; la pili lilisema mwenye imani hana haja ya barakoa. Kila moja liliisemea dini lisiyoijua.

Bonde la Kilombero laweza kuwa shahidi. Ifakara ni makao ya utafiti wa magonjwa tangu miaka ya 1950, na kuanzia 1997 vyandarua vyenye dawa vilienezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Mwislamu wa huko, mkulima wa mpunga, husali Isha, huomba hifadhi ya Mola wake, kisha hushusha chandarua akalala. Nani awezaye kumwita kafiri kwa tendo hilo? Basi ikiwa kujikinga na mbu si upungufu wa imani, kujikinga na pumzi yenye maradhi kutakuwaje upungufu wa imani?

Shauri hili lilikatwa zamani. Katika karne ya 7 tauni ilipozuka Sham, Khalifa Umar aligeuza msafara wake njiani. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibiwa kuwa wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Auf alipoeleza agizo la Mtume: nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Je, Umar naye alipungukiwa na imani?

Wenye kubeza nao wana jibu lao. Udhu haukuwekwa kwa ajili ya vijidudu, lakini aliyezoea kunawa kwa ajili ya sala hakufundishwa jambo geni alipoambiwa anawe mikono. Kumsalia na kumzika maiti ni faradhi ya kifaya: wachache wakitenda, wengine wamesameheka; kwa hiyo jeneza lililosindikizwa na watu wachache halikuvunjiwa heshima, wala waliobaki nyumbani hawakumtupa ndugu yao. Mfiwa aliyenyimwa matanga alihitaji sana kulijua hilo, na hapana maabara ambayo ingaliweza kumwambia.

Maradhi mengine yatakuja. Mwenye kuomba na ajikinge. Na mwenye kujikinga asimcheke aombaye.