Klachi Ikigoma, Injini Isishushwe Kwanza

Askari mmoja mstaafu, mkazi wa Ngagara mjini Bujumbura, anayo Volkswagen 1300, lile gari lenye umbo la kobe, aliyoinunua ikiwa tayari imechakaa na ambayo kwayo watoto wake wote wamepelekwa shule. Mwishoni mwa Agosti gari hilo lilianza kukataa gia. Kila alipotaka kutia gia ya kwanza meno yalisaga, na ile ya kurudi nyuma ililia kiasi cha kuwatoa majirani nje. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisikiliza kwa muda wa dakika moja, kisha akatoa hukumu: sahani ya klachi imekwisha, injini ishushwe. Bei aliyoitaja ilikaribia kuwa sawa na fedha zilizowekwa kando kwa karo na madaftari ya Septemba.

Mkewe ndiye aliyezuia. "Baba watoto," alimwambia, "kama sahani imekwisha, mbona gari halijashindwa mlima? Jumapili tulipanda Kiriri tukiwa wanne ndani, wala halikulegea." Swali hilo, lililotoka kwa mtu ambaye hajapata kushika spana, lilikuwa na ufundi mwingi kuliko hukumu ile.

Klachi, ambayo wengi mjini humo huiita ambreyaje kwa kufuata Kifaransa, ina kazi mbili: kushika na kuachia. Sahani yake hubanwa na springi dhidi ya gurudumu zito lililo nyuma ya injini, yaani flaiwili, na hapo nguvu hupita kwenda kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga pedali, beringi husukuma, springi hulegea, na sahani huwa huru. Basi na maradhi yake makubwa ni mawili, nayo yanapingana. Klachi isiyoshika huteleza: injini hunguruma, gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua huingia ndani. Klachi isiyoachia husaga gia, na gari hutaka kuondoka ingawa pedali imekanyagwa hadi chini. Sahani iliyolika huleta maradhi ya kwanza. Maradhi ya pili aghalabu huanzia penginepo, na mara nyingi mahali ambapo pa bei nafuu zaidi.

Wenye magari ya zamani mjini Bujumbura wanayo sababu ya kuyajua hayo. Barabara itokayo mjini kwenda Bugarama huanza karibu na Ziwa Tanganyika, penye kimo cha mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, ikapanda hadi zaidi ya mita 2,200 katika kilomita zipatazo 35. Klachi inayoteleza haifichiki huko. Kisha zipo foleni. Mwaka 2024, petroli ilipoadimika, magari yalipangwa mbele ya vituo kwa saa nyingi, hata kwa siku nzima. Dereva aliyengoja na gia ndani na mguu juu ya pedali alikuwa akiimaliza beringi na kuuchosha waya wa klachi bila kusogea hata hatua kumi. Waliozima injini na kusukuma kwa mikono walijichosha wao, wakaiponya klachi.

Kwa hiyo mstaafu yule alianza kwa kupima. Gari lilisimamishwa mahali tambarare, watoto wakaondolewa mbele na nyuma, breki ya mkono ikavutwa kwa nguvu. Injini ikiwa inanguruma kidogo, alitia gia ya nne, akaiachia pedali polepole. Injini ilizimika papo hapo. Klachi inayoteleza ingeiacha iendelee kuzunguka. Jaribio hili halirudiwi mara nyingi, kwa sababu huichoma sahani. Baada ya hapo aliwasha tena, akakanyaga pedali hadi chini, akahesabu hadi tano, kisha akajaribu gia ya kurudi nyuma. Ilisaga. Klachi ilikuwa ikishika vizuri. Isichoweza ni kuachia.

Jambo la tatu lilipimwa kwa rula ya shule. Katika Volkswagen hiyo pedali hupaswa kwenda bure milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuwa nzito. Ilikwenda 60. Hapa ndipo hukumu ya fundi wa kwanza ilipoanguka, maana sahani inapolika nafasi hiyo hupungua, haiongezeki. Tena mstaafu mwenyewe alikuwa ameikaza wiki mbili kabla. Nafasi inayorudi upesi namna hiyo huonyesha kwamba kuna kitu kinachorefuka au kinachoachana.

Katika gari hili klachi huvutwa kwa waya wa chuma unaoanzia kwenye pedali, ukapita ndani ya mgongo wa katikati ya sakafu, na kutokea nyuma kwenye wenzo ulio ubavuni mwa giaboksi, upande wa kushoto. Nyuma ya gari iliinuliwa kwa jeki, ikaegemezwa juu ya vigogo imara, kwa kuwa jeki peke yake haiaminiwi na mtu anayeingia chini. Gurudumu la kushoto likafunguliwa. Mke akakanyaga pedali, mume akautazama wenzo. Pedali ilifika chini. Wenzo ulisogea kidogo tu. Ugonjwa ulikuwa kati ya miguu ya mama na macho ya baba, na injini haikuhusika.

Waya ulipovutwa nje kwa upande wa mbele, baada ya pedali kufunguliwa, ulionekana wazi. Karibu na kitanzi kinachoingia kwenye ndoana ya pedali nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika, zikabaki chache zilizobeba kazi yote. Zingekatika nazo, pengine katikati ya mteremko wa Bugarama.

Mpya ulipatikana Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa magereji, ambako vipuri vya kobe havijatoweka. Si ajabu: magari hayo yaliundwa zaidi ya milioni 21 hadi kiwanda cha Meksiko kilipoyafunga mwaka 2003, na moja lao, likiendeshwa na Tommy Fjastad, lilishinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Hata hivyo nyaya hazilingani urefu kwa miaka yote. Mstaafu alikwenda na ule mkuukuu mkononi, wakalinganishwa juu ya meza ya muuzaji.

Waya mpya ulipakwa grisi urefu wake wote kabla ya kuingizwa. Kitanzi kilipokwisha kushika ndoana, mtoto mkubwa aliishikilia pedali wima mpaka nati ya nyuma ilipokaza, la sivyo kitanzi huchomoka na kazi huanza upya. Mafundi wenye haraka hupuuza jambo lililofuata. Mwisho wa waya, karibu na giaboksi, hupita ndani ya ganda linalopindika, na ganda hilo sharti lining'inie kwa mpindo wa milimita 25 hadi 45. Likinyooka mno gari hutetemeka linapoondoka, na mwenye gari hushawishiwa kununua sahani bure. Mpindo huongezwa kwa kuweka washa kwenye kishikio cha ganda. Ndipo nati yenye masikio ikakazwa hadi rula ikasoma milimita 15, masikio yake yakikaa sawasawa katika vishimo vya wenzo.

Magari mengine ya zamani, kama Peugeot 504, hutumia mafuta ya breki badala ya waya. Huko hutazamwa kwanza kimo cha mafuta katika kopo lake, kisha unyevu kwenye silinda ya pedali na ile ya giaboksi. Mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe, huvimbisha mipira.

Zipo siku injini haina budi kushuka: klachi inateleza ingawa pedali ina nafasi yake, au mafuta yamevuja kwenye sili ya nyuma ya flaiwili yakailowesha sahani. Injini ya kobe ina uzito unaozidi kilo 100, na kazi hiyo yataka watu wawili na jeki nzuri, betri ikiwa imefunguliwa na mpira wa petroli umezibwa. Ikishashuka, sahani, beringi na sili hubadilishwa kwa pamoja. Vumbi la sahani za zamani lisipulizwe, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo hudhuru mapafu. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Gia ya kurudi nyuma iliingia kimya jioni ile. Waya mpya hurefuka kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo baada ya wiki moja rula ilitolewa tena katika mkoba wa shule, nati ikazungushwa nusu mzunguko, na rula ikarudishwa kabla mwenyewe hajaondoka kwenda darasani.