Mizani Haijui Njaa

"Mzee, umeongeza kilo nne! Umekunywa maji tena?"

"Kidogo tu, sista."

Maneno haya nimeyasikia kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu hadi nimeyakariri. Mzee mzima anainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Anayemfuata anapanda mizani: kilo moja tu. Anasifiwa mbele ya wenzake. Hakuna anayemtazama mashavu yalivyobonyea, wala suruali aliyoikaza kwa kamba. Nami nasema, huyo anayepigiwa makofi huenda ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Figo zikifa, mkojo hupungua au hukauka, na kinachoingia mwilini hukaa humo kikisubiri mashine. Kwa hivyo kilo zinazoongezeka kati ya siku mbili za kusafishwa damu ni maji. Yakizidi, yanapanda kwenye mapafu na kuuchosha moyo. Hilo sibishi. Utafiti wa Marekani wa 2009, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 34,000, ulionyesha kwamba wanaoongeza kilo nne na zaidi hufa zaidi. Lakini miaka minne kabla yake, Wahispania walikuwa wamechapisha jambo linalofaa kutukosesha usingizi: katika wagonjwa wao, walioongeza uzito zaidi ndio waliokuwa na lishe bora, na waliishi muda mrefu zaidi, ingawa presha yao ilikuwa juu. Kwa nini? Kwa sababu anayekula hunywa. Asiyeongeza hata nusu kilo huenda hana nidhamu yoyote ya kusifiwa, ana njaa.

Kuna hatari mbaya zaidi ya hiyo. Kila mgonjwa hupangiwa uzito mkavu, yaani uzito wake maji yakishatolewa. Akikonda polepole na uzito huo usipangwe upya, maji hujaza pengo la nyama iliyoyeyuka. Mizani inasoma kilo 60 zilezile za mwaka jana, kila mtu anaridhika, kumbe mtu anazama ndani ya ngozi yake.

Sasa tupige hesabu, maana lawama hazihesabu. Wataalamu huonya mashine isivute zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mtu wa kilo 60 akikaa saa nne, hayo ni maji lita tatu na kidogo. Akisafishwa mara tatu kwa wiki, ilivyo desturi katika nchi zinazojiweza, anaweza kuongeza wastani wa takriban mililita 1,340 kwa siku bila kuvuka kiwango hicho. Akisafishwa mara mbili, anabaki na mililita 890 hivi. Na sisi Kenya tulizoezwa mara mbili! NHIF, bima ya taifa ya afya, ililipia mara mbili kwa wiki, shilingi 9,500 kila mara. SHA, mamlaka iliyoirithi, ikachukua usukani Oktoba 2024, lakini mazoea ya mara mbili yameganda kama ugali wa jana. Mgonjwa anayesafishwa Jumatatu na Alhamisi hukaa siku tatu bila mashine akisubiri Jumatatu nyingine. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2011, ulionyesha kwamba vifo huongezeka baada ya pengo la siku mbili tu. Halafu tunamkaripia mzee kwa kikombe cha chai!

Kiu yenyewe haitoki hewani. Kila gramu nane za chumvi hudai lita moja ya maji. Mgonjwa anapewa amri asinywe, huku sufuria ya nyumbani ina chumvi, magadi na viungo vya pakiti. Wengine wanakwepa chumvi ya duka na kukimbilia munyu, maji ya majivu tunayopikia mboga za kienyeji huku magharibi. Munyu umejaa potasiamu, na potasiamu ikizidi, moyo huweza kusimama ghafla. Nani amewaambia?

Na nyama? Kabla ya mashine, daktari alimwambia mgonjwa apunguze protini. Alipoanza mashine, amri iligeuka: sasa anahitaji gramu moja hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kila siku, kwa sababu mashine nayo humnyang'anya. Kwa mtu wa kilo 60, hayo ni sawa na protini ya mayai kumi au kumi na mawili. Lakini mke wake bado anamnyima yai kwa mapenzi, akitii amri iliyokwisha muda.

Haya yanatokea Moi's Bridge, mji wa maghala, ambako malori ya mahindi hupanga foleni msimu wa mavuno. Mgonjwa wetu anapanda matatu kwenda Kitale au Eldoret, anapita kando ya chakula cha taifa, na nauli ya wiki imeshakula pesa ya maharagwe.

Kuanzia 2015 serikali ilizipelekea kaunti mashine za kukodi na kukata utepe. Sawa. Sasa tunadai kisichokatiwa utepe: kusafishwa mara tatu kuwe kawaida, mtaalamu wa lishe awe katika kila chumba cha mashine, na uzito mkavu upangwe upya kila mgonjwa anapokonda. Nawe sista, najua mikono yako ni miwili na vitanda ni vingi. Lakini mzee akishuka kwenye mizani kesho, kabla ya kumuuliza alikunywa nini, muulize jana alikula nini.