Simu Moja Tu Inatosha Kupandisha Kodi Black Rock

Mheshimiwa Letitia James, Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York,

Habari za sheria aliyoitia saini Gavana Kathy Hochul Oktoba 2025 zimetufikia hata sisi wapangaji wa Black Rock, hapa Buffalo. Inazuia programu zinazokusanya taarifa za kodi kutoka kwa wenye nyumba mbalimbali, kisha kumshauri kila mmoja atoze kiasi gani. Ni sheria nzuri. Agosti 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kampuni ya RealPage kwa biashara hiyo, ikiwa pamoja na majimbo manane.

Shida ni kwamba programu hizo ni za majengo makubwa. Kwetu ni nyumba za mbao, familia moja juu, nyingine chini. Mwenye nyumba ana tatu, mwenzake ana tano, na simu moja inawatosha: wa chini anakulipa ngapi, umeshamwongezea?

Bei iliyobandikwa dirishani sina ugomvi nayo. Hata mimi naisoma. Nalalamikia yasiyobandikwa: kodi halisi iliyo kwenye mkataba, nyumba zilizo tupu, nani anapandisha mwezi ujao. Mwenye nyumba asiyeyajua hayo huniongezea kwa tahadhari, akihofia nitahamia mtaa wa pili. Akishayajua, hofu inamtoka, maana anajua nitakuta nini huko.

Watasema hawakuahidiana chochote. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya watengenezaji wa maboksi ambao waliulizana tu bei walizowatoza wateja fulani, bila kupatana bei yoyote. Mahakama iliona kuwa wamevunja sheria ya ushindani. Na Sheria ya Donnelly, ambayo New York inayo tangu 1899, haijali kama mapatano ya bei yamefanywa kwa kompyuta au kwa mdomo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ofisi yenu ya Buffalo itoe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza ni yapi mwenye nyumba hapaswi kumuuliza mshindani wake. Wakongo na Warundi wengi hapa wataweza kuusoma. Pia ipokee barua zetu za kuongezewa kodi. Mpangaji mmoja hawezi kuthibitisha simu ambayo hakuisikia, ila barua za mtaa mzima zikilinganishwa tarehe na viwango, mpelelezi atajua pa kuanzia. Tupangieni siku, tutazileta.

Mpangaji wa Black Rock